Daktari wa Kompyuta na Kitabu cha Mama Mkwe

Udaktari wa Absalom Ogola ulitoka Nairobi, kwenye chumba kimoja juu ya duka la viatu, ambako alifundishwa kompyuta kwa majuma machache na kupewa cheti chenye muhuri mwekundu. Aliondoka Kisumu karani, akarudi daktari. Nilipomuuliza ni daktari wa nini, maana mimi sioni haya kuuliza, alinitazama kutoka viatuni hadi kwenye tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwangu, akasema, "Beldina, wewe shona tu nguo. Hii kitu ni ya scientific."

Basi nikashona nguo. Cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ileile ya chumba alichokodi, pale ukingoni mwa mtaa wa Kaloleni, na mlango wake ulikuwa kulia kwangu. Hakuna kilichoingia wala kutoka humo nisikione. Kama angetaka kuishi bila shahidi, angekodi chumba mahali pengine.

Miaka ya themanini yote Absalom alikuwa karani katika ofisi ambayo sitaitaja, na kazi yake kubwa ilikuwa kushika ufunguo wa kabati la karatasi. Ukitaka kalamu, uliomba. Ukitaka bahasha, ulieleza ya kumwandikia nani. Alikuwa akiupiga ufunguo huo kwenye paja akitembea koridoni, na wakubwa wenyewe walimsalimia kwa adabu. Kisha ofisi ikaleta kompyuta, na msichana mmoja wa kuiendesha, na kabati la karatasi likasahauliwa. Absalom aliumia. Sicheki hapo, niliona jinsi alivyokonda. Aliacha kazi, akauza ng'ombe wa baba yake kule Katito, akaenda kuutafuta ufunguo mwingine.

Mwaka wa tisini na moja akafungua ofisi yake. Ubao ukaandikwa "Scientific Data Bureau, Prop. Dr. A. Ogola". Ndani palikuwa na kompyuta moja, mashine moja ya kuchapisha, na pazia zito la kuzuia vumbi. Kompyuta yenyewe ilivikwa kitambaa cha kufuma kama kile cha kochi la bibi harusi. Ulivua viatu mlangoni, na kama ulitoka sokoni kununua samaki, hukuingia kabisa. "Harufu ya omena inaingia kwa diski," alisema, na watu wazima wenye akili zao walitikisa kichwa wakakubali, wakarudi nyumbani kuoga.

Lakini aliyefanya kazi humo hakuwa yeye. Alikuwa mkewe, Milka, aliyejifunza kupiga taipu kwa masista na ambaye vidole vyake vilikwenda mbio hata ukimwangalia unachoka wewe. Milka ndiye aliyepiga barua, wasia, katiba za vikundi vya akina mama na ratiba za mazishi. Daktari alisimama nyuma yake mikono kiunoni, akisema, "Save. Sasa save tena." Hiyo ndiyo ilikuwa tiba.

Kazi moja tu aliifanya kwa mikono yake. Kila asubuhi aliiwasha kompyuta mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameiwekea kufuli. Rafiki yake wa kozi alimpa programu kwenye diski laini, ya kuyavuruga yote yaliyomo ndani ya hadi diski, ile diski kuu inayoweka kumbukumbu, hata mwizi akiichomoa aione takataka tupu. Bila neno la siri mashine haiamki. Absalom aliifurahia programu hiyo kuliko alivyomfurahia mwanawe Joram alipozaliwa. Alikuwa akilifungua koti lake na kulitandaza pembeni ya kibodi kama kuku anayefunika vifaranga, akaandika neno lake, kisha ndipo Milka aliporuhusiwa kukaa.

"Hata mke wako haujamwambia?" nilimuuliza siku moja.

"Siri ya komputa haikai na wanawake, Beldina."

Na nakala hakutaka. Milka alimwomba waweke kazi za watu kwenye diski laini, ziwe mahali pawili. Alikataa. Nakala, alisema, ni mlango wa pili, na mlango wa pili ni wa mwizi.

Sasa ndipo alipoingia Mwalimu Elsie. Niseme vizuri: hakuingia. Mwalimu Elsie alikuwa mama yake Milka, mwalimu mstaafu, mama mkwe wa Absalom, na kwetu mkwe na maro wake, yaani mama mkwe, hawakai chumba kimoja wakitazamana. Hawapeani mikono, hawataniani, hawali pamoja, na jambo la aibu halitajwi mmoja akiwa karibu na masikio ya mwenzake. Kwa hiyo alipokuja kutoka Katito aliketi kwenye benchi langu, mgongo ukielekea mlango wa ofisi, na maneno yote yalipita kwa Milka. Milka alisimama kizingitini, akageuza kichwa huku na huku. Mama akiuliza jambo kwa ukali, binti alilipeleka ndani likiwa na sukari. Daktari akijibu kwa kiburi, lilitoka nje likiwa na shikamoo.

Tangu aache kufundisha, mama huyu alikuwa akizunguka Nyakach na Kendu Bay akiwaketisha vikongwe na kuandika walichokumbuka: hadithi za watoto, vitendawili, nyimbo za kubembelezea. Aliandika kwa mkono, daftari juu ya daftari. Wengi wa bibi hao walikuwa wameshakufa. Mchapishaji mmoja wa Nairobi alikubali kukitazama kitabu, lakini alitaka kiwe kimechapwa. Milka akakipiga mwaka mzima, kidogo kidogo, wateja wakishaondoka. Jioni nyingine nilimsikia akiimba huku anapiga, nami nikasimamisha cherehani nisikie.

Daftari zenyewe je? Hapo ndipo hasira hunipanda hadi leo. Kazi ilipokwisha kuingia kwenye kompyuta, Daktari alizifunga kwa kamba, akampa Dorca wa mandazi. "Karatasi ni mambo ya zamani," alisema. "Mashini imeshika yote." Milka alikuwa amekwenda kliniki siku hiyo. Aliporudi, nusu ya Kaloleni walikuwa wanakula mandazi yaliyofungwa kwa vitendawili vya mama yake. Mimi mwenyewe nilinunua mawili, nikasoma wimbo wa kubembelezea pacha umeloa mafuta, nikakimbia kwa Dorca. Alikuwa amebaki na majalada.

Mama hakuambiwa. Milka alimeza. Alisema kitabu kipo, kimo ndani ya mashine, na hilo ndilo la maana.

Asubuhi moja ya mwaka wa tisini na nne, Mwalimu Elsie akafika mapema kuchukua kitabu chake, kwa maana mchapishaji alikuwa amemwandikia kwamba anakingoja. Akaketi kwenye benchi langu, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa. Ndani Daktari akatandaza koti, akabonyeza swichi. Kompyuta ikawaka taa, ikanyamaza. Hakuna mngurumo. Kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza wa kusema kwamba hadi diski haionekani.

Akazima, akawasha. Akaipuliza. Akatoa kitambaa cha kufuma, akakirudisha. Milka akamtazama tu.

"Imekuwaje?" Mwalimu Elsie akauliza kutoka nje.

"Anasema inapasha moto kwanza, Mama," Milka akajibu. Absalom hakuwa amesema chochote.

Ilipopasha moto hadi jua likafika miguuni mwetu, Milka akavaa viatu, akaenda mwenyewe kumwita Hiram. Hiram Gachanja alikuja Kisumu kutoka Murang'a kuuza vipuri vya redio, na hakuna kitu chenye waya alichokiogopa. Dawa yake ya kwanza kwa kila ugonjwa ilikuwa kupiga kofi, na ya pili ilikuwa kujisifu. Aliingia na viatu vyake vyenye tope. Daktari akavitazama, akampisha.

Hiram akaifungua mashine kwa bisibisi, akaichomoa ile hadi diski, akaiweka sikioni.

"Hii haijakufa. Imelala tu," akasema. "Sahani ya ndani imeshikana na kichwa. Nimeamsha nyingine kama hii Nyamasaria, ya mtu wa mbao."

"Hiyo ni kitu delicate, bwana!"

"Ndio nakuambia uondoke hapo kwa taa yangu."

Akaishika kwa vidole, akaizungusha ghafla kwa kifundo cha mkono, mara moja na tena, kama mtu anayefungua kifuniko kilichokaza. Akairudisha, akawasha. Tukasikia mngurumo mwembamba ukipanda. Milka akaufunika uso kwa mikono miwili. Hata mimi nilikuwa nimeshaacha suruali ya mtu kwenye cherehani, nimesimama mlangoni.

"Imeamka!" nikamwambia Mwalimu Elsie.

"Nyasaye asifiwe," akasema, bila kugeuka.

Kioo kikauliza neno la siri.

Hiram akajifuta mikono. "Sasa wewe andika paswad haraka, tutoe hiyo kitabu kwa flopi. Na usikosee. Ukikosea mara tatu hii programu inafunga mashini, lazima tuzime. Na tukizima, mimi siwezi promise itaamka tena. Ikikataa hiyo round, imeenda."

Absalom akatandaza koti kwa mazoea. Kisha akaona Hiram yuko kushoto kwake, na Milka kulia, na mimi mlangoni, na kwa mbali mgongo wa mama mkwe wake. Akalikunja koti. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, na ilikuwa bado asubuhi yenye upepo wa ziwani.

"Nimesahau," akasema.

Hakuwa amesahau. Jana yake tu aliliandika, na juzi, na kila siku ya kazi. Mtu hasahau neno analoliandika kila asubuhi huku amelificha kwa koti.

"Umesahau aje?" Hiram akauliza.

"Ni pressure. Kichwa imekufa."

Milka akaenda kizingitini. "Mama, Baba Joram anajaribu kukumbuka neno la kufungulia."

"Mwambie Baba Joram asiharakishe," mama akajibu kwa upole. "Mwambie bibi watano kati ya wale wameshazikwa. Siwezi kwenda kuwauliza tena."

Nilimwona Absalom akilisikia jambo hilo. Lilimfika, sitamdhulumu. Lakini neno la siri halikuupita mdomo wake.

Hiram ndiye aliyeleta shauri. Alikuwa amekaa Kisumu vya kutosha kujua tabia zetu. Mwanamume wa huku akiwa na bendi mbele yake na bia mkononi, humsimamisha mwanamuziki, akampa noti, kisha akajisifu kwa kipaza sauti: yeye ni nani, mwana wa nani, dume la wapi, rafiki wa nani. Hiyo ndiyo pakruok. Na Absalom kwa pakruok hakuwa na mshindani. Kwenye baa na kwenye matanga alimaliza mshahara wake akijitaja. "Jaribu zile majina yako ya sifa," Hiram akasema. "Mtu wa kujisifu lazima atumie sifa zake."

Absalom akachangamka haraka mno. "Ndiyo! Inawezekana!" Akaandika kwa sauti, akitaja kila herufi, ili hata nje wasikie. Akaandika ile ya Simba wa Kaloleni. Kioo kikakataa. Akaandika Daktari wa Nyakach. Kikakataa. Akaandika Moto wa Katito, na mashine ikafunga.

Ikabidi kuzima. Hiram akatema mate nje, akaichomoa diski, akaizungusha tena. Safari hii ilichukua muda. Ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma. Milka alikuwa ameshikilia ukingo wa meza. Ilipopata mngurumo wake, Hiram hakujisifu, na hapo nikajua mambo si mazuri.

"Inachoka," akasema. "Ya mwisho hii. Nasema ukweli."

"Basi tufomati," Absalom akasema.

Tukamtazama.

"Tufomati," akarudia. "Nafikiri ni virusi. Virusi ndiyo imebadilisha paswad. Dawa ya virusi ni kufomati tu, hata Nairobi walitufundisha. Tusafishe diski yote, tuanze mpya. Milka atapiga tena kutoka kwa zile daftari."

Nilitaka kumpiga na mkasi. Daftari! Alilisema neno hilo bila kupepesa macho, mtu aliyezitoa daftari kwa mkono wake zikafunge mandazi. Angeifuta kazi ya mwanamke mzima, na ya marehemu wote waliomwimbia, ili yeye asiandike neno moja mbele ya watu.

Milka hakupiga kelele. Alikuja akasimama karibu na kiti cha mumewe.

"Baba Joram, ondoka kidogo."

"Unataka kufanya nini?"

"Ondoka kwa kiti."

Hiram akakivuta kiti, na Absalom akajikuta amesimama. Milka akaketi, akaweka vidole kwenye kibodi. Absalom akaona mkewe anachotaka kufanya, akanyoosha mkono.

"Milka, wacha. Milka, yawa."

Milka akaandika. Lilikuwa neno refu. Kwenye kioo zilitokea nyota tu, moja kwa kila herufi, na hakuna aliyesoma chochote. Lakini mimi nilisimama nyuma ya bega lake, na macho ya fundi wa nguo huzoea kufuata vidole. Lilianza kwa S. Sikuhitaji zaidi.

Desemba iliyotangulia, kwenye matanga ya mjomba wake Absalom, wakati bendi inapiga na vipaza sauti vimefungwa juu ya miti, Daktari alimsimamisha mwanamuziki, akajisifu jinsi alivyozoea. Alipofika kwenye kutaja rafiki wa moyo, bia ikiwa imemfika kichwani, hakumtaja mama Joram. Alimtaja Seline nyar Usenge, yaani binti wa Usenge, mhudumu wa baa moja ya barabarani, tena na tena, na mwanamuziki kwa kuwa amelipwa akaliimba jina hilo usiku kucha hadi kijiji cha pili. Neno alilolifunika kwa koti asubuhi zote lilikuwa limeshapigwa kwa gitaa mbele ya ukoo mzima. Mtu mmoja tu katika Nyanza yote aliyeamini kuwa ni siri alikuwa Absalom.

Nyota zikafutika. Mashine ikavuta pumzi, kisha majina ya faili yakashuka kwenye kioo, moja baada ya jingine, na kati yao kitabu cha Mwalimu Elsie.

"Imefunguka!" Hiram akapiga kelele. "Lete flopi! Mama Joram, umeandika nini?"

Milka alikuwa akilia, lakini mikono yake ilikuwa inafanya kazi, inachukua diski laini, inaitia. Akamgeukia mumewe. "Nimwambie, Baba Joram? Nimwambie Hiram ni neno gani?"

Absalom alitazama pazia.

Sauti ikatoka nje, kwenye benchi langu, ya mwalimu anayenyamazisha darasa bila kusimama.

"Milka. Usilitaje. Hata mimi nilikuwa kwenye yale matanga. Nilikuwa jikoni na akina mama, na masikio yangu bado ni mazuri."

Hiram akajifanya anatafuta bisibisi. Nimeona wanaume wakipigwa hadharani, wakikamatwa hadharani, na nasema kweli sijamwona mtu akiwa mdogo namna ile. Kwetu hayo hayazungumzwi kati ya mkwe na maro. Mkwe akishajua kwamba maro wake anajua, hana uso wa kumpitia mbele. Na ofisi ile, kwa kuogopa wezi, ilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ulitokea verandani, miguuni pa benchi.

Milka alipomaliza kutoa nakala, akatoka kizingitini akijifuta macho. "Mama, kitabu kimetoka salama. Kiko kwa flopi. Unaweza kwenda nayo Nairobi hivyo hivyo, wana komputa huko."

"Hapana, mwanangu," Mwalimu Elsie akasema. "Mimi ni mtu wa zamani. Nichapishie kwa karatasi."

"Chote, Mama? Mashini yetu ni ya polepole. Itamaliza jioni."

"Chote. Kila ukurasa. Sina haraka."

Mashine ya kuchapisha ikaanza kelele zake, mstari kwa mstari. Kwenye kona ya ndani, kati ya pazia na ukuta, Daktari Absalom Ogola alisimama na soksi zake, hana pa kwenda, akisikiliza hadithi za watoto zikitoka. Mwalimu Elsie akageuka ubavu, akauegemeza mgongo wake kwenye nguzo, akanyoosha miguu hadi ikafika upande wa pili wa mlango, akaniuliza kama chai inapatikana.